Barua ya wazi kwa wasimamizi wa keneli ya Linux: msizifute draiva za kadi za zamani kwa sababu tu hamjatusikia

Assalaam alaykum wakubwa zangu, na habari za kazi kwenu nyote.

Mie ni fundi kompyuta, nipo Wete, Pemba. Nina kijiduka lakini nusu ya wiki sipo dukani, nipo maskulini huko Konde, Micheweni, mara nyengine Chake, nafungua maabara za kompyuta zilizofungwa kwa sababu kitu kidogo kimeharibika na hakuna wa kukitengeneza. Barua hii nawaandikia nyie mnaosimamia upande wa mtandao ndani ya keneli ya Linux, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachokaa baina ya programu na vifaa. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndo lugha ninayoweza kusema nayo kila kilichomo moyoni, na pia nataka mafundi wenzangu wa Unguja na bara waisome, atakaeweza kuwafasiria awafasirie, nitamshukuru sana.

Ninachotaka kusema ni hichi. Kila baada ya muda hutokea pendekezo la kufuta draiva za kadi za mtandao za zamani, yaani zile programu ndogo ndani ya keneli zinazoijulisha namna ya kuongea na kila kadi, na sababu inayotolewa karibu kila mara ni ile ile, hatumjui mtu anaezitumia. Naomba mlitazame upya hilo neno hatumjui. Watu wanaotumia kadi hizo hawamo kwenye mazungumzo yenu, wengi wao hata hawajui kama kompyuta yao ina Linux ndani, wanajua tu kompyuta ya skuli leo imefunguka au haijafunguka, na ikiwa haijafunguka hawawaandikii nyie, wanamwita fundi, na fundi akishindwa basi mlango unatiwa kufuli na mambo yanaishia hapo. Nyie kule hamsikii kitu. Mnaona kimya mnasema hakuna mtu.

Nitawapa kisa kimoja changu mwenyewe, skuli yenyewe siitaji.

Maabara ile ilikuwa na kompyuta kumi na nne na moja ya kumi na tano ndo seva. Zote desktopu za mtumba, zile zinazokuja Unguja kutoka Dubai halafu zinavuka na boti kuja Pemba, za miaka ya 2008 mpaka 2010 hivi, nzito, lakini ukizisafisha vumbi na ukibadilisha betri ndogo ile ya ubao zinafanya kazi vizuri tu. Intaneti haikuwepo. Kwenye seva tulitia Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, na Wikipedia ya Kiswahili, mitihani ya miaka ya nyuma, na masomo ya sayansi ambayo mwalimu mmoja alikuwa anayaandika mwenyewe usiku kwake. Watoto watatu mashine moja. Kwa mtoto wa Micheweni ambae kitabu cha baiolojia wanagawana wanane, seva ile ilikuwa kitu kikubwa, nawaambia ukweli, nilikuwa nawaona wanagombania kiti.

Masika yale ikapiga radi. Waya wa mtandao ulikuwa umepita nje kutoka jengo moja kwenda jengo jengine, kosa la aliefunga lakini ndo lilivokuwa, na moto ukapita kwenye waya ukaingia kwenye swichi ukaingia kwenye mashine. Tisa za watoto, na seva ikiwa ya kumi, zikaungua tundu la mtandao lililomo kwenye ubao wenyewe. Kompyuta zinawaka, disiki nzima, kila kitu kizima, isipokuwa zimekuwa viziwi haziongei na yoyote. Kununua kompyuta kumi nyengine haiwezekani, hizo tu zilichukua miaka kupatikana. Dawa yake ni kutia kadi ya mtandao ya PCI, ile inayochomekwa kwenye ubao ndani ya kasha. Nikapanda boti kwenda Unguja, nikazunguka Mlandege na Darajani siku nzima, mwisho nikampata mzee mmoja ana boksi la kadi kuukuu kalitia uvunguni mwa meza. Nikachukua kumi na mbili, kumi za RTL8139 na mbili za 3Com aina ya 3c905. Moja ya 8139 ilikuwa imekufa, imeliwa na chumvi miguu yote, huku visiwani chumvi inakula kila kitu. Kwa hivo tisa zikaenda kwenye mashine za watoto, 3Com moja nikaitia kwenye seva, na moja nikaiweka akiba. Maabara ikafufuka.

Miaka miwili baadae disiki ya seva ikafa. Nikatia disiki mpya na toleo jipya la mfumo, toleo ambalo sitolitaja, na nilipowasha kadi haipo. Naandika lspci, amri ya kuorodhesha kadi zilizomo, naiona, 3Com imekaa pale, lakini mfumo hauna draiva yake. Waliotengeneza toleo lile, ambao si nyie bali ni watu wanaoichukua keneli yenu na kuifungasha pamoja na programu nyengine, waliamua kutoitia kwenye mfumo wao kwa kuwa ni kadi ya zamani. Na ilikuwa wiki tatu kabla ya mitihani ya majaribio ya kidato cha nne.

Najua mtu atasema si ungechomoa 8139 moja kwenye mashine ya watoto uitie kwenye seva. Ndio, ndo nilivofanya wiki ya kwanza, na watoto watatu wakawa wanakaa kwenye mashine isiyoona seva, wanaangalia wenzao. Nikaona hapana.

Nikaitafuta kodi ya keneli yenyewe, yaani yale maandishi ambayo programu inajengwa kwayo. Mara ya kwanza kwa kutojua nikadaunlodi furushi zima, zaidi ya megabaiti 100, bando langu la wiki likaishia hapo hapo. Baadae ndo nikajifunza kwamba nilihitaji faili moja tu na zile heda, mafaili madogo ya kujengea, za keneli niliyonayo. Faili lenyewe linaitwa 3c59x.c, mistari elfu tatu na kitu, na juu kabisa limeandikwa kwamba aliliandika Donald Becker baina ya 1996 na 1999. Huyu Becker ndie aliekuwa kwenye kituo cha NASA cha Goddard, yeye na Thomas Sterling ndo mwaka 1994 waliunganisha kompyuta za kawaida za dukani zikafanya kazi kama kompyuta moja kubwa wakaiita Beowulf, na ili kompyuta zile ziongee ilibidi kadi za mtandao ziwe na draiva nzuri kwenye Linux, akakaa akaziandika moja baada ya moja. Nililisoma faili lile lote usiku ule, mengi sikuyafahamu na mengine nikayafahamu, kuna pahala wameandika maelezo ya jinsi kadi inavopokea pakiti na inavoeleza kwamba imeelemewa, mambo ambayo sikuwahi kufundishwa na mtu. Umeme ulikatika mara mbili. Karibu na adhana ya alfajiri nikaipata moduli, yaani draiva iliyokwishajengwa, nikaipakia, na taa ya kijani ya kadi ikawaka.

Sasa wakubwa zangu nifahamuni hapa. Wale wa toleo waliamua kuiacha, sawa, hiyo ni hiari yao, lakini niliweza kuiokoa skuli ile kwa usiku mmoja kwa sababu nyie MLIKUWA HAMJAIFUTA. Ilikuwa bado imo kwenye mti wa kodi, inaendana na keneli ya wakati ule, kila mlipobadilisha kitu ndani mtu aliigusa na yeye akaiweka sawa. Ingekuwa imefutwa miaka minne nyuma ningelikuta faili la zamani ambalo halikubali tena kujengwa, na mie si mtu wa kuandika draiva, ningeshindwa. Na kampuni yenyewe ya 3Com ya kumuuliza haipo, ilinunuliwa na HP mwaka 2010. Kodi ile mliyonayo ndo iliyobaki kueleza kadi ile inavofanya kazi.

Sasa hesabu ya wakati, na hili nahisi halizungumzwi vya kutosha. Debian ni mojawapo ya mifumo kamili inayofungashwa juu ya keneli yenu. Debian 12 ilitoka Juni 2023 na keneli iliyomo ni 6.1, ambayo nyie mliitoa Disemba 2022. Zipo maabara ninazoziangalia ambazo mpaka leo zina Debian 11, keneli yake 5.10 ya Disemba 2020. Hatuapdeti kwa sababu hatuna bando la kuapdeti mashine kumi na nne, na kitu kikifanya kazi vizuri mwalimu mkuu hataki kiguswe, na mie namuelewa. Kwa hivo mkifuta kitu leo mie nitakutana na kufutwa kwake baada ya miaka mitatu, minne, mitano. Nyie mtasubiri malalamiko mwaka mmoja, hamtosikia kitu, mtasema mnaona tulisema hakuna mtu. Malalamiko yapo njiani, yanakuja na boti. Na husemwa kwamba akijitokeza mtumiaji tutarudisha, git, ghala la kuhifadhia kila badiliko la kodi, inaweka kila kitu tangu 2005, hakuna kinachopotea. Ni kweli hakipotei, lakini ndani ya miaka hio mitano vitu vya ndani mmevibadilisha mara ngapi, na kurudisha kwenyewe kutachukua tena miaka mitatu minne kufika kwangu. Mtoto alieingia kidato cha kwanza siku mliofuta atakuwa ameshamaliza skuli.

Nitawapa mfano wa nyumbani wa kitu kinachodhaniwa hakina mtumiaji. Mwisho wa 2009 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme miezi mitatu, kuanzia Disemba mpaka Machi 2010, kwa sababu waya wa chini ya bahari kutoka bara uliharibika. Na 2008 ilikuwa imeshatokea, karibu mwezi mzima. Wakati ule wa miezi mitatu nilikuwa naishi Unguja kwa shangazi yangu, Mwanakwerekwe. Yeye alikuwa na pasi ya mkaa ya mama yake, iko juu ya kabati, hajaigusa pengine miaka kumi na tano, na binti zake walikuwa kila skukuu wanamwambia mama tutupe hilo chuma linashika kutu. Miezi ile mitatu nyumba saba za jirani zilikuwa zinakuja kuazima pasi ile, watoto waende skuli na nguo zilizonyooka. Angeulizwa mwezi mmoja kabla nani anatumia pasi ile angejibu hakuna, na angekuwa amesema kweli.

Lakini sitaki mnione mtu ambae anadai tu. Nimejaribu kuelewa mzigo wenu na nauona ni mzigo kweli.

Keneli ina zaidi ya mistari milioni 30 na zaidi ya nusu yake ni draiva. Ndani ya keneli hamuahidi kwamba kitu kitabaki vile vile, mkiona njia bora mnabadilisha, na anaebadilisha ndo anatakiwa akazirekebishe draiva zote, hata za vifaa ambavyo hajawahi kuviona na macho. Mwaka 2017 mlipobadilisha namna ya kuandika taima, yaani vile vipima muda vya ndani ya keneli, mamia ya mafaili yaliguswa. Mtu anarekebisha draiva ya kadi ya 1996, hana kadi, hana wa kumuuliza, anaomba tu Mungu asiwe ameiharibu. Hapo hapo kuna syzbot, lile roboti la Google ambalo tangu 2017 linaitikisa keneli mchana na usiku na kuleta hitilafu, na tangu Februari 2024 keneli yenyewe ndo inatoa namba za CVE kwa mapungufu yake ya usalama, yamekuwa maelfu, na kila namba kuna mashirika yanataka jibu. Na sasa hivi kuna programu za akili mnemba zinazosoma kodi za zamani na kuandika ripoti ndefu, nyengine za kweli nyengine si za kweli, na ripoti iliyokuwa si ya kweli inamla mtu muda ule ule kama ya kweli maana lazima aisome mpaka mwisho ndo ajue. Mtu anafanya kazi hii jioni baada ya kazi yake, ana watoto, anaamka anakuta ripoti ishirini kuhusu kadi ambayo haijatengenezwa tangu yeye yuko skuli. Wallahi namuonea huruma, na akisema jamani hii tuifute nisije nikasema ni mtu mbaya.

Na vipo ambavyo mlifuta na mie nakubaliana na nyie moja kwa moja. Token Ring mliitoa 2012, ni aina ya mtandao ambao hata swichi zake huzipati, hio basi. IrDA ile ya kuelekezana simu kwa mwanga mliitoa 2018. DECnet, mtandao wa zamani wa kampuni ya DEC, 2022. Hata prosesa ya 386, ambayo Linus Torvalds mwenyewe, muasisi wa Linux, aliandikia Linux mwaka 1991, mliamua kuiacha Disemba 2012, na sikusikia mtu amelia. Za biti 32 nazo huku tumeshaanza kuziaga, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha i386 na nimelikubali hilo, mashine hizo nimezitoa maskulini mwenyewe moja moja. Kwa hivo sisemi kila kitu kikae milele. Ninachosema kuna tofauti baina ya mtandao uliokufa na kadi iliyozeeka. Token Ring imekufa kwa sababu hakuna wa kuongea nae upande wa pili. Kadi ya Etaneti, mtandao wa waya huu wa kawaida, ya 1998 ukiichomeka kwenye swichi niliyonunua juzi zinaongea bila ya tatizo lolote. Hio si maiti, ni mzee, na wazee tunaishi nao.

Kuna faili lenu linaitwa MAINTAINERS, ndani yake kila sehemu ina hali yake, nyengine inatunzwa, nyengine inapata marekebisho ya hapa na pale, na nyengine mmeziandika yatima. Neno hilo huku kwetu lina uzito. Yatima hafukuzwi nyumbani, anatafutiwa mlezi. Na nyie wenyewe mmeshafanya hivo, mwaka 2019 Torvalds aliiandika draiva ya flopi kuwa yatima kwa sababu hata kupata flopi nzima ya kujaribia ilikuwa shida, lakini hakuifuta, na haikuchukua muda akajitokeza mtu akaichukua kuilea. Hio ndo njia ninayoiomba kwa kadi za mtandao. Iandikeni yatima, wazi, na iacheni hapo muda wa kutosha, na muda wa kutosha kwa watu wa mbali usipungue keneli mbili tatu za zile mnazozitunza muda mrefu, maana hizo ndo zinatufikia.

Na ulizieni pale ambapo mtumiaji yupo. Draiva ikiamka ikaona kadi yake, iandike kwenye logi ya mashine kwamba mimi nimepangwa kuondolewa mwaka fulani, kama unanitumia waambie. Fundi hasomi mazungumzo yenu lakini logi anaisoma, kitu cha kwanza mashine ikigoma ni dmesg, amri ya kuisoma logi ya keneli. Ningeliona neno hilo 2021 ningelikuwa nimeshawaandikia 2021.

Kuhusu usalama, hapo natofautisha. Kifaa cha USB au zile kadi za PCMCIA za kuchomeka pembeni mwa laptopu, mtu mbaya anaweza kuja na kijidude chake kikajifanya ni kadi ya zamani na keneli ikapakia draiva mbovu yenyewe bila mtu kuulizwa, na kwa hio hizo mkiwa wakali nawaunga mkono. Lakini kadi ya PCI imo ndani ya kasha, aitake mpaka afungue skurubu, na mtu alieshika bisibisi na kafungua kompyuta yako hana haja ya draiva ya 1996 kukudhuru. Msizipime kwa kipimo kimoja. Na hata hizo za hatari kuna njia ya katikati, Ubuntu kwa miaka mingi wana faili la kuzuia protokoli za mtandao zisizotumika sana, kodi ipo lakini haijipakii mpaka mwenye mashine aseme nataka. Mie kufuta mstari mmoja kwenye faili naweza, hio ni dakika moja, si sawa na kuandika draiva.

Jengine ni majaribio. Husemwa hatuwezi kutunza tusichoweza kujaribu, na ni maneno ya haki. Lakini baadhi ya kadi hizi zimo ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima na kadi zake, 8139 imo, NE2000 ya PCI imo, PCnet imo, roboti linaweza kuwasha kompyuta pepe yenye kadi hio kila usiku likatuma pakiti na kupokea bila ya mtu kugusa waya. Hizo basi zisiingie kabisa kwenye orodha ya kufutwa. Tena PCnet ndo kadi ambayo VirtualBox na VMware, programu nyengine za kompyuta pepe, wameiigiza miaka na miaka, watu wangapi wameitumia na hawajui. Zibakie zile ambazo haziigizwi popote na zinahitaji kadi ya kweli na mtu wa kweli, na kwa hizo nitasema langu chini.

Na nyie mna kanuni ambayo mafundi dunia nzima wanaijua, kwamba keneli mpya haivunji programu ya mtumiaji iliyokuwa inafanya kazi. Kwa sababu ya kanuni hio ndo nilihamisha maskuli haya kwenye Linux, niliwaahidi waalimu wakuu kwa mdomo wangu kwamba mfumo huu hautokwambieni kompyuta zenu zimezeeka nunueni nyengine. Kwa mwalimu yule, programu ikivunjika na kadi ikipotea ni kitu kimoja. Atanitazama mie.

Maneno machache kwa wakubwa wa hapa nyumbani pia, mnaogawa kompyuta maskulini Unguja na Pemba. Mashine zikija andikeni kilichomo ndani yake, kadi gani, ubao gani, muda wa kuandika mashine moja haufiki dakika tano, halafu orodha hio iwekwe pahala mafundi tunaiona. Leo hii nikiulizwa Pemba nzima kuna kadi ngapi za 8139 siwezi kujibu, na kama sie wenyewe hatujui tunachokitumia itakuwaje tumlaumu mtu alioko Ulaya au Marekani kwa kutokujua. Na waya zinazopita nje baina ya majengo, nawaombeni, zifungwe kifaa cha kuzuia radi au itumike faiba.

Sasa langu. Siombi mtu mwengine abebe peke yake. Nina 3Com 3c905 mbili, moja bado iko kwenye seva ile na moja ninayo dukani. Nina 8139 moja ninayoweza kuitoa. Nimepata na kadi mbili za ISA, aina ya zamani zaidi kuliko PCI, kutoka kwa yule mzee wa Mlandege, moja ni 3c509, ubao wake wa mama ninao lakini unataka kapasita mpya, nazisubiri kutoka Dar. Nimetenga mashine moja hapa dukani, haiuzwi, kazi yake ni hio tu. Torvalds hutoa toleo la majaribio Jumapili, kwetu mara nyingi inakuwa Jumatatu alfajiri. Nitachukua mabadiliko tu na si furushi zima, bando linatosha kwa hilo, nitajenga usiku wa Jumatatu umeme ukiwepo, nitachomeka kadi, nitahamisha faili kubwa kwenda na kurudi saa sita mfululizo na kuchomoa na kurudisha waya, na matokeo pamoja na logi mtayapata Jumatano. Ikivunjika nitatafuta ni kiraka gani, yaani badiliko gani la kodi, kimeivunja, hio kazi ya kugawa nusu kwa nusu mpaka umkamate mkosaji nimeshajifunza. Kuna vijana wawili wamemaliza kidato cha sita wanakuja dukani kujifunza, wameshasema wako tayari, na mmoja wao ni yule yule aliekaa wiki nzima kwenye mashine isiyoona seva.

Niandikeni kwenye MAINTAINERS kama mjaribu wa 3c59x. Jina langu na barua pepe nitaziweka kwenye kiraka chenyewe nitakapokituma.

Wassalaam,
Fundi wa kompyuta, Wete, Pemba